Gilisirini na Mstari wa Mbele

Kiangazi kijijini kwetu, upande wa Kibondo, kina baridi ya asubuhi na upepo unaokausha mpaka mate. Mguu ukipauka unaweza kuuandikia hesabu kwa kucha. Mwaka huo kwaya yetu ilikuwa inakwenda Kasulu kurekodi video, na mwalimu wa kwaya akatangaza baada ya mazoezi: "Kamera za siku hizi zinaona kila kitu. Aliyepauka uso anasimama nyuma."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana ni mfupi. Nikisimama nyuma sipo kwenye video, nipo kwenye sauti tu.

Dada yangu, ambaye naye anaimba, alikuwa na krimu ya uso aliyoinunua kwa mama mmoja Mkongomani anayeuza vitu kwenye kambi ya Nyarugusu. Alikuwa anaificha ndani ya soksi. Niliipata, ila sikuipaka, niliisoma. Kidato cha tatu tulifundishwa kwamba kwenye kopo kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Cha kwanza: aqua. Cha pili: gilisirini. Baada ya hapo majina marefu kama treni ya Kigoma, na mwishoni kabisa manukato.

"Dada," nikamwambia, "umenunua maji."

"Ego," akaitikia kwa Kiha bila kugeuka. "Na wewe kapake maji. Rudisha kopo langu."

Nikaona huu ni ujinga. Maji yapo kisimani bure. Kama kinachobaki ni gilisirini, si naenda kuinunua yenyewe? Nikaenda duka la dawa, nikachukua kichupa. Muuzaji akaanza, "Sasa hii, kabla hujapaka..." lakini nilishafika mlangoni. Watu wa maelezo marefu wananichosha.

Siku ya safari nikaipaka tupu kwenye uso mkavu, halafu nikaongeza nyingine juu yake. Nikang'aa kama sufuria mpya. Dada akaniangalia, akajifunga kitenge mpaka puani. Nikadhani ni wivu.

Tukapanda bodaboda mshikaki, mimi katikati ya dereva na dada. Kutoka kwetu mpaka uipate lami ni vumbi jekundu, na siku hiyo malori ya mahindi yalikuwa yanapishana. Kila lori likipita, nilihisi kitu kinatua usoni na hakiondoki.

Dereva akanitazama kwenye kioo. "Mdogo wangu, umepaka gundi?"

"Ni gilisirini."

"Sawa. Imeshika."

Tulipofika Kasulu, mwalimu wa kwaya aliniangalia kwa muda, kisha akamgeukia dada. "Hili tofali ni la kwetu?"

"La kwetu," dada akasema. "Ila bado halijachomwa."

Nikakimbilia bomba lililo nyuma ya kanisa, nikanawa kwa sabuni ya kufulia maana ndiyo iliyokuwepo. Vumbi likatoka, ngozi ikakakamaa kama ngoma. Hata kutabasamu kuliuma. Ndipo nikakumbuka somo la kemia: gilisirini inavuta maji. Hewa ilikuwa kavu, uso wangu mkavu, sasa ingeyavuta wapi kama siyo ndani ya ngozi yangu mwenyewe? Kwenye lile kopo maji yameandikwa ya kwanza, na mimi niliyaruka kwa sababu ni ya bure.

Huko mbele mwalimu alishaanza kupanga mstari. Hakukuwa na muda wa kujifuta. Nikatoa kichupa changu mfukoni, nikamwaga matone mawili kwenye kiganja kilicholoa, nikapaka kwenye uso unaochuruzika. Ukalegea.

Dada akanifuata na soksi yake. "Funika na hii juu. Kidogo. Nimesema kidogo."

"Ya nini tena?"

"Hayo majina yako ya treni, mengine ni mafuta. Yanazuia maji yasiondoke."

"Umejuaje?"

"Yule mama aliponielezea, mimi nilisimama nikasikiliza."

Nikapaka, kidogo. Mwalimu alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua papai, halafu akanisukuma mstari wa mbele, pembeni kushoto.

Video ipo, watu wanayo kwenye simu zao. Naonekana vizuri, nimeng'aa kiasi. Ila ukiisimamisha kwenye kiitikio, pale tunapogeuka wote kulia, utaona sikio langu la kushoto jekundu pyu. Huko nilisahau kunawa.