Kiti cha Choo cha Kukhu na Safari ya Mombasa

Tafadhali lifiche jina langu vizuri, maana watu wa kanisa letu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na ninaishi Jericho, hapa Nairobi, na nyanya yangu aliyenilea, ambaye sisi humwita Kukhu. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nikiambiwa nisome matangazo kanisani sauti hunikauka. Ndiyo maana ninaandika jambo ambalo ningepaswa kulisema kwa mdomo.

Mapema mwaka huu Kukhu aliteleza akifua nguo, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa nyonga ya chuma. Mimi ndiye ninayemtunza. Daktari amesema asipandishe mguu mmoja juu ya mwingine, asiiname kuokota kitu, asikae mahali pa chini. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hivyo fundi alitutengenezea kiti kirefu cha mbao chenye tundu, tukakiweka juu yake. Bila kiti hicho Kukhu hawezi kwenda popote.

Sasa shangazi yangu, binti yake wa kwanza, amesema anampeleka Mombasa wiki moja apumzike, na mimi niende nao nimsaidie. Kukhu hajawahi kuiona bahari. Kila asubuhi hujizoeza kutembea na mkongojo hadi kwenye duka la jirani yetu, Mama Mutua, na amejinunulia kofia ya ukindu.

"Nitakuletea maji ya bahari kwa chupa," alimwambia Mama Mutua.

"Wewe usiingie huko na hiyo nyonga, itashika kutu!"

"Ikishika kutu nitapaka mafuta ya kupikia."

Walicheka mpaka Kukhu akashika ukuta. Tangu aumie sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Shangazi alinipigia simu akaniambia nichukue futi nipime kimo cha kile kiti, kutoka sakafuni hadi juu. Alisema watu wa hoteli wanataka kujua. Nilifurahi kwamba amefikiria jambo hilo. Nikapima, nikamtumia.

Juzi binamu yangu aliye kijijini, kwetu magharibi, alinitumia picha. Ni choo kipya cha mabati nyuma ya nyumba ya Kukhu. Ndani kuna kiti cha simiti, kirefu, na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Chini ameandika: "Choo cha Kukhu kimeisha. Jumamosi mtafika saa ngapi tuchinje kuku?"

Jumamosi ndiyo siku yetu ya kwenda Mombasa.

Kabla sijajibu aliifuta. Nilipomuuliza alisema ametuma kimakosa, na tangu hapo hapokei simu yangu.

Sasa kila kitu kinanitia shaka. Daktari alipoulizwa kuhusu safari alisema garimoshi ni bora, kwa sababu Kukhu ataweza kusimama na kunyoosha miguu. Shangazi anasema hapana, tutaenda na gari la rafiki yake, alfajiri. Ameniambia nifungashe koti zito la Kukhu, na ile picha ya babu iliyo ukutani. Picha ya babu itafanya nini Mombasa? Tena Jumapili mwana wa shangazi, anayetarajia kuoa, alikuja na mchumba wake kumjulia hali Kukhu. Yule mchumba alisimama dirishani akashika pazia letu, akalipima kwa mikono. Nyumba hii ya kupanga ni ya kaunti, na mpangaji aliyeandikishwa ni Kukhu. Akihamishwa, itabaki kwa nani?

Jana nilijikaza nikamuuliza shangazi tukiosha vyombo.

"Anti, Mombasa tutakaa kwa nani?"

"Hee! Leo umeongea? Basi mvua itanyesha."

"Nauliza tu, kwa sababu ya choo."

"Choo kiko. Wewe kazi yako ni kumshika mkono. Mambo ya college yako tutaongea baadaye, ukiwa na adabu."

Nikaendelea kusuuza sahani. Yeye ndiye aliyeahidi kunisomesha.

Sitaki mfikiri shangazi ni mtu mbaya. Kukhu alipolazwa, ni yeye aliyekuwa akilala kwenye kiti kando ya kitanda. Labda choo kile ni cha Krismasi. Labda amechoka na anaona kijijini kuna hewa nzuri. Lakini huko barabara ni matope na mlima, na kliniki ya Kukhu iko hapa Nairobi. Tena siku tulipomzika babu kule kijijini, Kukhu alitwambia sote: "Mimi huku nitarudi mara moja tu, na siku hiyo sitakuwa naiona njia." Shangazi alikuwepo. Alisikia.

Leo asubuhi nikimvalisha soksi, Kukhu aliniinua kidevu.

"Mbona umenyamaza kuliko kawaida yako? Kuna kitu?"

"Hakuna, Kukhu."

"Basi ile kofia usiikandamize chini ya nguo. Iweke juu, nataka kuivaa nikishuka tu."

Nimeiweka juu. Koti zito liko chini yake.

Nikimwambia na nikawa nimekosea, nitakuwa nimemharibia likizo pekee aliyowahi kupewa maishani, na shangazi hatanisamehe. Nikinyamaza na ikawa kweli, Kukhu atashuka garini na kofia yake mbele ya kile choo, akae kwenye kiti kinachomtosha sawasawa, na atajua ni nani aliyekipima.

Ninyi mlio wakubwa kuliko mimi, nimwambie Kukhu tukiwa wawili, au nimuulize shangazi mbele yake? Gari linakuja Jumamosi alfajiri. Niambieni la kufanya kabla halijafika.