Mabati Chini ya Kitanda

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sitawaficha: shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, na Kiswahili hiki nilikiokota sokoni. Lakini macho ninayo. Wekeni simu chini kidogo, niwaambie jinsi tulivyochagua bati.

Kitinda mimba wangu, msichana, aliacha kazi ya ofisi Meru mjini akarudi hapa Ruiri na mume wake. Walitaka kufungua karakana ya kukunja mabati. Nyinyi mnanunua bati likiwa na migongo yake, mnadhani lilizaliwa hivyo. Halikuzaliwa hivyo. Linakuja bapa, limeviringishwa kama mkeka wa chuma, kisha linapitishwa kati ya rola nyingi zilizopangwa mstari. Kila rola inalikunja kidogo, na mwisho linatoka na umbo. Shida ndiyo hii: rola za umbo moja hazijui umbo lingine. Ukinunua mashine ya mawimbi, utatoa mawimbi mpaka uzeeke.

Na sisi tulikuwa na uwezo wa mashine moja tu. Ng'ombe wangu watatu wa maziwa waliingia humo, na kazi ya binti yangu ikaingia humo. Tukikosea umbo, karakana ingebaki banda la popo. Muuzaji wa mashine alitaka jibu Ijumaa.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mkwe wangu alitaka vigae, yale mabati yanayoiga vigae vya udongo, kwa sababu nyumba zote nzuri alizoziona kwa simu zilikuwa nayo. Binti yangu hakujua ashike lipi. Alikuwa amezunguka na daftari wiki nzima akiuliza watu wanapenda bati gani, na wote walimjibu kwamba wanapenda lile zuri. Mimi nilitaka mawimbi, na sikuona la kujadili. Nyumba yangu ni mawimbi, kanisa letu ni mawimbi, na nyuma ya ghala nilikuwa na mabati kumi na mawili ya mawimbi niliyoyaweka tangu marehemu mume wangu akiwa hai. Wajukuu wanayaita mabati ya kuku. Nimewakaripia, hawasikii.

Lakini ng'ombe watatu si mchezo. Nilimwambia binti yangu afunge hilo daftari. Mtu wa huku ukimuuliza anapenda nini, anakujibu kile anachofikiri kitakufurahisha wewe. Usimuulize. Angalia chini ya kitanda chake.

Kwa sababu sisi hatununui paa siku moja. Ukivuna maharagwe vizuri, unanunua mabati mawili. Ukiuza mbuzi, matatu. Unayasukuma chini ya kitanda, ncha zikitokeza upande wa miguu na kukwaruza watoto, mpaka siku yatakapotosha chumba. Na aliyeanza na umbo moja hawezi kumalizia na lingine, maana hayalaliani. Mgongo wa hili haukai juu ya mgongo wa lile, na mvua inajua kupita hapo katikati. Kwa hiyo mwenye mabati sita chini ya kitanda bado anatafuta mengine kumi ya umbo lile lile. Huyo ndiye mteja.

Binti yangu aliniangalia. "Mama, tutaingia kwa watu tuwainulie shuka?"

"Mimi nitainua. Wewe utaandika."

Tulianza hapa Ruiri, kwa jirani zangu, kisha tukaenda Kiirua kwa akina mama tunaouza viazi pamoja. Walicheka mpaka wakashika ukuta, lakini walinifungulia. Tulienda Majengo, kule Meru mjini, ambako watu wamepanga vyumba vidogo, na nikaona kitanda kimeinuliwa juu ya matofali ili mabati ya nyumba ya kijijini yapate nafasi. Mwenyewe alituambia mkewe hupanda kitanda hicho kwa kiti. Mkewe akasema ameshazoea, sasa hivi hata nyumba ikijengwa atakataa kulala chini.

Kila nilipoinamia niliona migongo ya pembe nne, iliyosimama wima, na uwanda katikati yake. Boksi. Nikinyanyuka, magoti yanalia, namwambia binti yangu aandike boksi. Nyumba ya tano sikusema tena, nilitikisa kichwa tu. Mawimbi nilikuta mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa ya kuku. Vigae sikukuta hata kimoja.

Tumaini langu lilibaki Embu, kule chini kwenye joto, kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa huko. Yeye na wenzake walikuwa na kikundi cha kununuliana mabati tangu tukiwa na nguvu, leo paa la huyu, mwakani la yule, na yote yalikuwa mawimbi. Nilijua hapo sitaangushwa.

"Siku hizi serikali imekuajiri ukague vitanda?" dada yangu aliniuliza.

"Inua shuka."

"Sema kwanza unatafuta nini. Kama ni mwanamume, alishatoka."

Aliinua. Boksi, manane, yamefunikwa na gunia. Nikamuuliza alikosana lini na mawimbi. Akasema hawajakosana, ila huko mvua inakuja kama mgeni mwenye haraka, na uwanda wa boksi unayapeleka maji moja kwa moja kwenye gata, tangi linajaa. Kikundi chote kilibadilisha zamani. Ni mimi tu nilikuwa sijaambiwa.

Tulirudi Ruiri Alhamisi. Mkwe wangu alikuwa uani, bado na picha zake za vigae. Sasa, kwetu mama mkwe haingii chumba anacholala mume wa binti yake. Baada ya vitanda vyote nilivyokuwa nimeinamia, hicho kilikuwa kimebaki. Niliketi kwenye kigoda nje ya mlango wao, nikamuuliza mbele ya mkewe: "Na chini ya kitanda chako kuna nini?"

Binti yangu aliingia ndani, na mimi nikiwa nje nikasikia sauti ya bati likiburutwa kwenye saruji.

"Manne, Mama," alisema kutoka ndani, akicheka. "Yako nyuma ya masanduku. Boksi."

Mkwe wangu alijikuna shingo. Akasema ni ya jikoni kwa mama yake, aliyachagua kwa sababu fundi wa kijijini anajua kuyapiga na hayapotezi mbao. Nilimwambia basi mama yake hajazaa mjinga, amezaa mtu anayeongea na simu sana. Alicheka na yeye. Halafu, kwa heshima yake yote, macho yakiwa chini, akaniuliza: "Na yale ya nyuma ya ghala, Mama?"

Miaka yote hiyo sijaezeka nayo hata choo. Nilisema Ijumaa agizeni boksi, na neno hilo lilinitoka kwa shida kama jino.

Mashine ilikuja. Siku ya bati la kwanza wote niliowakagua vitanda walikuwa mlangoni, na dada yangu amepanda gari tangu alfajiri kutoka Embu. Lilitoka polepole, jekundu, refu, migongo imenyooka, likaendelea kutoka mpaka mkwe wangu akaenda kulipokea nje. Dada yangu alipiga vigelegele. Mimi niliweka kiganja kwenye ule uwanda na kwa kweli nilikuwa natabasamu, ingawa wajukuu wanasema sikutabasamu.

Jioni niliwaita wote wa boma langu nikawapa amri: "Mawimbi yangu yaende kwa nyumba ya kuku kesho asubuhi. Na kila mwenye mabati chini ya kitanda ayatoe, aongeze yanayopungua, aezeke. Kuanzia leo hakuna mtu wangu atalala juu ya paa lake."