Konokono wa Chemchemi ya Pili

Miaka tisa Mama Lenzi alihesabu konokono wadogo kama punje za ufuta kwenye chemchemi moja jangwani. Jina alilipata kwa ile lenzi iliyoning'inia shingoni mwake hata akiwa jikoni. Konokono wale hawakuwahi kuonekana kwingine. Wageni wakija kuwatazama, aliyeitwa ni yeye.

Kisha mdogo wake wa kike akaajiriwa katika ofisi hiyo hiyo ya kutunza chemchemi. Mwezi haujaisha, binti akapenya matete nyuma ya mwamba, akakuta kijichemchemi kisichozidi upana wa sinia. Akageuza jiwe. Konokono tele.

"Dada! Njoo uone wenzao!"

Mama Lenzi akainama, akatazama. Ni wenyewe. "Hongera," akasema. Ofisini binti alipigiwa makofi, mkuu akamwita jicho la mwewe. Mama Lenzi kwa miaka tisa hakuitwa hata jicho la kuku.

Mtaalamu alipokuja kuthibitisha, Mama Lenzi alimvuta pembeni. "Mdogo wangu bado mgeni wa kazi," akasema kwa sauti ya huruma. "Hubeba chujio letu la kuchotea konokono likiwa bichi. Nahofia amewahamisha mwenyewe bila kujua."

Uongo mtupu. Chujio lilianikwa juani kila siku, tena Mama Lenzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti hivyo. Lakini mtaalamu aliamini, akaifuta chemchemi ya pili kwenye ripoti. Binti alijifungia chooni, akatoka macho mekundu. "Dada, labda kweli nilikosea." Mama Lenzi akachukua chujio, akaenda kulianika.

Wiki iliyofuata mafundi walifika na mabomba. Mkuu alikuwa ameamua kwamba, kwa kuwa kile kijichemchemi hakina kitu, maji yake yavutwe hadi kwenye matangi ya ofisi. Mama Lenzi alipoona pampu ikishushwa, miguu ikamtangulia. Akaingia kwa mkuu akihema, mdogo wake akiwa pale pale.

"Nilidanganya. Hakuhamisha kitu. Ni wivu tu ulionishika."

Pampu ilirudishwa garini. Ripoti ikaandikwa upya, chemchemi zote mbili zikawa za binti kuhesabu, na Mama Lenzi akapelekwa stoo. Siku kumi mdogo wake hakumsemesha. Ya kumi na moja akaleta kikombe cha chai, akakiweka mezani.

"Inapoa hiyo."

"Asante, mdogo wangu."

Mama Lenzi akamtazama akivaa buti na kuondoka kwenda chemchemini. Roho ikamuuma tena, kwa wivu ule ule. Akageukia rafu, akaendelea kupanga glavu.