Siku Niliyomwigiza Baba Kanisani

Wiki iliyopita nilikuwa dukani hapa Tottenham, London, mama mmoja mbele yangu akafungua kopo la poda ya watoto anuse kabla ya kununua, na ile harufu ikanifikia. Nikaacha kikapu changu pale pale chini, nikatoka. Ndugu zangu, mnivumilie. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita, Kiswahili cha kuandika nimejifunza ukubwani kwa Biblia ya Mama, na haya huwa nayaandika kwenye daftari langu tu. Sijui kama yatanyooka.

Poda ndiyo tuliyojipaka kichwani tulipoigiza wazee. Kanisa letu la Waswahili lilikodi ukumbi wa shule, unaonuka dawa ya sakafu na raba za watoto wa wiki nzima, na kila mwaka kwenye ibada ya mavuno watoto tulipewa nafasi ya igizo. Mavuno yenyewe yalitoka sokoni, maana nani alikuwa na shamba? Ndizi, viazi vitamu, makopo ya maharage yenye bei bado imebandikwa, vyote vimepangwa mbele ya madhabahu, ambayo ilikuwa meza ya ping-pong iliyofunikwa shuka. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, mwalimu wa Sunday school akasema igizo niandike mimi, kwa sababu nilikuwa najaza madaftari hadithi.

Wakati ule nilitaka kuchekesha kuliko kitu chochote. Jumamosi jioni tulikuwa tunatazama kipindi cha vichekesho kwenye televisheni, na ndani yake kulikuwa na Mwafrika mmoja mwenye shati la maua, akifungua mlango na kusema neno moja tu, watu wameshaangua kicheko. Nyumba nzima tulicheka. Baba naye, lazima niseme haki, alicheka mpaka akafuta machozi. Shuleni hali ilikuwa nyingine. Watoto ambao babu zao walitoka visiwa vya Karibea walikuwa wakiniita "we Mwafrika" na kuniigizia ngoma nikipita. Siwalaumu sana. Walikuwa weusi kama mimi, nao pia walikuwa na watu waliowacheka wao. Nikagundua kwamba nikiwahi mimi kuitoa sauti ya yule mtu wa televisheni, wanacheka pamoja nami. Nikaamini nina kipaji. Mpaka leo sijajua kama kilikuwa kipaji au woga.

Sasa Baba. Kwetu Tukuyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mojawapo ya masomo yake lilikuwa Kiingereza. Hapa alikuwa anaosha mabasi. Lakini Jumapili ndiye aliyesoma matangazo kanisani, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni na sisi watoto tuliozaliwa huku. Na akitaka kupiga simu ofisi ya nyumba za manispaa, waliotupangisha, kulalamikia ukungu uliokuwa unapanda ukuta wa chumba chetu, alivaa koti kwanza. Alisimama wima kando ya simu, akafunga vifungo, akaongea kama anayewasomea darasa imla.

Hicho ndicho nilichoandika.

Nikajipaka poda, nikavaa koti lake lile lile, nikachomoa ndizi moja kwenye mavuno iwe simu. "Helo! Dhis is Mista Mwakalinga spiking! Ai am riporting dhe wol!" Rafiki yangu Upendo, aliyekuwa karani wa ofisi, kazi yake ilikuwa kujibu "Sorry?", yaani sijakuelewa, rudia. Kila aliposema hivyo mimi nilipandisha sauti na kufunga kifungo kimoja zaidi, mpaka koti likanibana shingoni.

Watu wakavunjika mbavu.

"Jamani, kamleta baba yake mzima mzima!" Mama Upendo alipiga kelele.

"Mwalimu, umepata mrithi!" mzee mmoja akadakia kutoka nyuma. "Vifungo! Angalieni vifungo!"

Nikamtafuta Baba kwa macho. Alikuwa anacheka, anapiga makofi. Nataka hilo lijulikane. Alipiga makofi mpaka mwisho.

Kisha ikafika zamu yake ya matangazo. Akaja mbele, akasoma ya Kiswahili yote, taratibu, kama kawaida yake. Alipofika kwenye Kiingereza akaikunja karatasi. "Ya Kiingereza tuwaachie wenyewe," akasema, watu wakacheka tena, akanipa mimi karatasi, kichwa changu bado cheupe. Nikasoma. Nilisoma vizuri sana.

Kwenye basi akaniambia, "Umeandika vizuri, mwanangu. Umeona kila kitu." Nikakaa mpaka kituo chetu nikitabasamu peke yangu dirishani.

Hakusoma tena matangazo ya Kiingereza. Wiki ile ile akaniita sebuleni, amekaa kwenye kochi na fulana ya ndani. "Neema, njoo uongee na watu wa nyumba. Wewe wanakuelewa."

"What do I say?" nikamuuliza. Alikuwa akisema Kiswahili, mimi namjibu Kiingereza, ndivyo tulivyoishi.

"Sema ukuta."

Baada ya ukuta zikaja barua za shule, simu za daktari wa meno, mita ya gesi. Nilijivuna. Nilimwambia Upendo mimi ni sekretari wa baba yangu.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Mama. "Baba yako alikuwa amechoka tu, zamu zilimmaliza," akasema. "Usijipe makuu." Pengine ni kweli. Kaka yangu hata igizo halikumbuki. Na siwezi kumtwisha mtoto wa miaka kumi na mmoja yote, wala televisheni, iliyotuchekesha siku ambazo hatukuwa na kingine. Lakini mimi ndiye niliyeona vifungo. Sikuona kwamba Baba alikuwa anajifunga vifungo vile kwa sababu ya zile "sorry" zenyewe, na kwamba mahali pekee ambapo hakuna aliyemwambia "sorry" palikuwa pale mbele ya meza ya ping-pong, nami nikampelekea karani mpaka pale.

Baba alipougua, daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Aliinama kitandani akamuuliza yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole, anaumwa wapi, akangoja. Baba alimwelewa. Maneno yale aliyaandika ubaoni miaka na miaka: kichwa, kifua, tumbo. Akanigeukia mimi.

"Sema wewe," akaniambia.

"Baba, wapi?"

Akafumba macho. Daktari alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi. Nikamwambia ni tumbo. Nilikuwa nabahatisha.