Soda Katikati ya Maombi

Aristide wa mtaa wa Kyebando, yule Mkongomani anayetembeza vitenge begani, hajui kukaa. Hata kanisani benchi humchoma; wakisema tuombe, yeye yuko mlangoni anachungulia barabara. Mkewe Perpétue humwambia, "Papa, wewe ulizaliwa njiani."

Siku ile ya mfungo alikuwa sokoni Kalerwe anauza, lakini moyo wake haukutulia. Alfajiri alikuwa amemwona mkewe, mgonjwa wa sukari, akijidunga insulini kama kawaida.

"Na utakula?"

"Nimefunga. Dawa si chakula, haivunji mfungo." Akaenda zake kwenye maombi.

Sasa maneno ya nesi anayemtibu mkewe yakawa yanamtembea Aristide kichwani: akijidunga lazima ale, la sivyo sukari itashuka imwangushe. Akakunja vitenge, mteja bado ameshika pindo.

"We Mkongomani, huuzi?"

"Kesho, mama!"

Alimkuta Perpétue kanisani, sakafuni, ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anamwita mumewe kwa jina la kaka yake aliyekufa kule Beni. Wanawake wamemzunguka, wanapiga makofi. "Toka, pepo! Toka!" Anayewaongoza ni Mama Huguette.

Aristide akachomoka hadi kibanda cha jirani, akarudi na soda ya machungwa.

Huguette akamdaka mkono. "Papa Aristide, una wazimu? Sukari ndiyo inamuua, na wewe unamwongezea?"

"Leo imemwishia, Mama! Imeisha!"

"Na mfungo?"

"Mungu atanidai mimi."

Alimwita mkewe; akaitika, akameza mate. Afadhali, bado anameza. Angekuwa amezimia, asingemtia kitu mdomoni. Angembeba mbio hospitali. Akamnywesha kidogo kidogo. Akaenda dirishani, akarudi, akamgusa paji la uso: bado baridi, bado maji. Akatoka kumwambia mtu wa boda asubiri, akarudi, akamwongezea soda. Makofi yalikuwa yamepungua.

Mikono ya Perpétue ikatulia polepole. Akaitazama chupa, akaitazama tena.

"Nani amenivunjia mfungo wangu?"

"Mimi."

"Shetani wewe."

Huguette akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe tulikuwa tunamfukuza pepo, naye ndiye huyu ameingia na soda!" Kisha akaenda mwenyewe kutafuta muhogo na maharage.

Perpétue alikula amenuna. Aristide akakaa kando yake, miguu inamcheza, mpaka sahani ikawa nyeupe. Ndipo wakapanda boda kwenda kumuuliza nesi habari za sindano na mfungo.