Paspoti ya Mtunzaji wa Mama

Yule mwanamke wa Tanga, ng'ambo ya mpaka, anayemtunza mamake Hanifa, hapo Msambweni, mikono yake hunukia karafuu. Kila asubuhi huyapasha mafuta viganjani kwanza, ndipo aikande miguu ya bi kizee, ambaye kiharusi kilimwacha na ulimi mzito. Huzungumza naye siku nzima kwa sauti ya chini. Humwuliza kama samaki wa leo ni wa kupaka au wa kukaanga, kisha hungoja jibu, hata lisipokuja. Hulala mkekani, ubavuni mwa kitanda, na bi kizee akikohoa tu, yeye keshaketi. Hanifa alimpenda kwa hayo. Siku mwanamke huyo alipofika, Hanifa aliichukua paspoti yake akaifungia kabatini, isije ikapotea.

Jana, akimlisha bi kizee uji, mtunzaji alisema bila kugeuka, "Dada Hanifa, naomba paspoti yangu."

Hanifa akashtuka. "Kwani wataka kutuacha?"

"Hasha. Nataka kukaa, lakini nikae kwa ridhaa yangu."

Hanifa akaanza kueleza habari za wezi, na vile alivyomweka kama ndugu. Bi kizee akausukuma mkono wenye kijiko. Midomo yake ikahangaika kitambo, mwisho neno likatoka: "Mpe."

Hanifa aliona haya, akaenda kuileta. Mtunzaji akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani.

"Ijumaa nitakwenda Tanga kumwona mwanangu," alisema. "Jumapili nitarudi."

Hanifa akaitikia kwa kichwa. Jumapili hiyo atamngojea, kama angojewavyo mtu mwenye hiari ya kutorudi.