Fundi Aliyepima Laini Nikiwa na Taulo

Hii nawaambia nyie tu, na mkiirudia mbele ya wakwe zangu tutakosana, ingawa wao wenyewe waliisikia yote na aibu yangu wanaijua kuliko mimi.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ameenda kwao Moshi kuandaa harusi ya mdogo wake, na Jumapili ile saa kumi jioni kamati ilikuwa inakutana kwa video ili, pamoja na mengine, nichaguliwe mimi kuwa mwenyekiti (mimi, muuza vitenge wa Kariakoo, ambaye mama mkwe alinikataa miaka miwili mizima kabla ya kunipa binti yake, kwa hiyo uenyekiti ule niliutaka mpaka nauota). Sasa saa kumi hiyohiyo watani wa jadi walikuwa wanacheza. Nikajiambia kuchaguliwa watanichagua hata nisipokuwepo, nikaandika kwenye kundi: "Jamani, intaneti nyumbani imekatika tangu asubuhi, na bando la simu ni la meseji tu." Nikajifunga taulo, maana joto la Mchafukoge ghorofa ya nne mnalijua, nikapakata sahani ya chipsi mayai, nikafungulia mpira kwenye televisheni kwa intaneti ileile niliyokwisha kuizika.

Haikupita robo saa, simu ikaita.

"Shikamoo mzee, mimi fundi wa intaneti. Mama Neema ametupigia, yuko hapa kwenye laini anasikia. Taa ya rauta ikoje?"

"Nyekundu," nikasema, na yenyewe kijani inanitazama.

"Izime, hesabu mpaka kumi, uiwashe."

Nikahesabu mpaka kumi kwa sauti, sijanyanyuka hata kwenye kochi. "Tayari."

"Mzee, naipima kutoka huku, haijazimwa. Laini ni nzima, haijakatika tangu juzi, na sasa hivi kuna televisheni inaivuta sana."

Hapo akili ikaniruka, kwa sababu mtu aliyeko ofisini kwake akishaiona televisheni yangu, atashindwaje kuniona mimi niliyekaa mbele yake? Nikakusanya miguu, nikaifunika rauta kwa khanga ya mke wangu, nikaanza kufoka: "Kijana, huna adabu. Unamchungulia mtu mzima kwake, yuko na taulo, anaangalia mpira anakula chipsi zake, ndiyo kazi uliyosomea hiyo?"

Fundi akasema taratibu, "Mzee, mimi ndani sioni, wala sijui unaangalia nini. Naona vifaa vilivyounganishwa na kama laini inafika. Hayo mengine umeyasema wewe."

Nikasikia watu wanacheka, wengi, ndipo nikaelewa kwamba Mama Neema alikuwa ameweka spika mbele ya kamati nzima. Ikaja sauti ya mama mkwe, ya upole kabisa: "Mwanangu, ni ngapi ngapi?"

"Moja bila, mama," nikajibu, maana ningefanyaje.

Uenyekiti akapewa shemeji yangu wa Buguruni, ambaye hata kufungua kikao hajui. Mimi nikapangiwa kusimamia intaneti siku ya harusi, na aliyependekeza ni mama mkwe mwenyewe, akasema kwangu huwa haikatiki. Niliumia, siwafichi. Tangu siku ile nimeapa kikao nisichokitaka nitasema sikitaki, na fundi wa intaneti akipiga simu navaa shati kwanza, ingawa aliniapia hanioni.